Umechomekewa, Mkagongana: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Yako Tanga

Ajali ya kuchomekewa ina ubaya wake. Wewe umeshika njia yako. Mwenzako anachomoka kituoni, au anatoka barabara ya mchepuko, au anarudi upande wako baada ya kuovateki, na unamgonga. Gari lako limeumia mbele, lake limeumia ubavuni au nyuma. Watu wanaokusanyika wanatazama mabati na kuhukumu papo hapo: "Aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa." Usipokuwa na kitu mkononi, maneno hayo yataingia kwenye karatasi za polisi, yatoke huko yaende bima, na kutoka bima yafike mahakamani.

Wasomaji wa Tanga wananiletea jambo hili mara kwa mara, na wengi wamekwama mahali pamoja. Haki walikuwa nayo, ila ushahidi wa nani aliingia njia ya nani ulifutika ndani ya nusu saa ya kwanza. Ndiyo maana hatua za barabarani nimezieleza kwa kirefu kuliko za mahakamani.

## Vitu vya kuwa navyo

Ndani ya gari, siku zote:

- Leseni hai, nakala ya kadi ya gari na namba ya bima yako
- Simu yenye chaji
- Daftari na kalamu
- Kipande cha chaki, chokaa au mkaa
- Pembetatu mbili za kuakisi
- Kamera ya dashibodi, kama uwezo upo. Kwa ajali ya aina hii hakuna shahidi anayeizidi

Baada ya ajali utakusanya:

- PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kwa kila aliyeumia
- Taarifa za polisi: PF115 (ya awali), PF93 (ukaguzi wa magari) na PF90 (ya mwisho)
- Nakala ya mchoro wa ajali
- Risiti zote, za EFD (mashine ya kodi) pale zinapopatikana
- Makadirio ya gereji kwa maandishi

Nunua faili moja, kila karatasi iingie humo siku unayoipata.

## Hatua ya 1: Simama, linda eneo, okoa watu

Washa hazadi, kisha weka pembetatu mbali vya kutosha ili anayekuja kasi apate nafasi ya kupunguza mwendo. Barabara ya Segera hadi Tanga inapitisha malori ya bandarini na ya saruji usiku na mchana, na ajali ya pili inaweza kuua walionusurika ya kwanza.

Piga 112. Majeruhi awahishwe hospitali bila kusubiri karatasi. Aliye katika hali mbaya hutibiwa kwanza, PF3 inafuata.

Sheria inakutaka usimame na utoe taarifa polisi. Ukiona umati una hasira na maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo kilicho karibu na ujieleze hapo.

Tahadhari: Kumpa mwenzako pole ni utu, mpe. Lakini usiseme "nisamehe kaka, sikukuona" kwa sababu tu ya mshtuko. Mashahidi watalikumbuka neno hilo kuliko jambo lingine lolote. Isitoshe, mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali kosa kabla kampuni haijaridhia.

## Hatua ya 2: Piga picha kabla gari halijasogezwa

Hapa ndipo wengi hushinda au hupoteza kesi. Foleni inaanza, honi zinalia, kila mtu anataka msogeze magari pembeni. Magari yasisogezwe mpaka trafiki aje kupima, isipokuwa kwa kumwokoa mtu au kwa ruhusa ya askari. Ikibidi kusogeza, piga picha kwanza, halafu chora chini kwa chaki mahali kila tairi lilipokuwa.

Picha za bampa lililopasuka peke yake hazisaidii sana. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba yeye alikuwa anaingia na wewe ulikuwa umeshafika. Kwa hiyo piga hivi:

Kutoka mbali, pande zote nne. Picha zionyeshe barabara nzima, mstari wa katikati, ukingo, kituo au njia aliyotokea, na alama ya kusimama au kupisha kama ipo. Jengo, nguzo au bango liingie ili hakimu atambue eneo.

Vioo na udongo ulioanguka. Gari likigongwa humwaga tope la chini ya madigadi na vipande vya taa karibu sana na mahali lilipogongwa. Vikiwa katikati ya njia yako, umepata ushahidi mzito kwamba yeye ndiye aliyekuja kwako.

Matairi yake. Matairi ya mbele yamekata kuelekea wapi? Tairi la nyuma bado liko kwenye changarawe za pembeni? Gari lililosimama mshazari, nusu barabarani na nusu kituoni, linaeleza lenyewe lilikuwa linafanya nini.

Kona zilizoumia. Gari lililogongwa likiwa limenyooka mbele yako huumia bampa lote la nyuma. Lililokuwa linaingia huumia kona au ubavu, na mikwaruzo yake huenda kwa urefu wa gari. Piga kwa karibu, kisha rudi nyuma upige magari yote mawili kwa pamoja ili urefu wa mikwaruzo ulingane.

Alama za breki zako. Zionyeshe kuanzia zinapoanza mpaka zinapoishia. Zikinyooka ndani ya njia yako, zinathibitisha kwamba hukuyumba.

Indiketa yake, kama imezimwa, na kioo chake cha pembeni kama kimekosekana au kimefungwa kwa utepe.

Malizia kwa video moja ya kuzunguka eneo lote bila kukata, ukitaja tarehe, saa na mahali kwa sauti. Zitume picha kwa ndugu palepale. Simu inaweza kupotea katika vurugu.

Umefanikiwa kama: mtu ambaye hakuwepo anaweza kuzitazama picha zako na kuchora mwenyewe gari gani lilitoka wapi.

## Hatua ya 3: Chukua taarifa za mwenzako na za mashahidi

Andika namba ya gari, jina la dereva, namba ya leseni, simu, jina la mmiliki na kampuni ya bima. Dereva na mmiliki mara nyingi ni watu wawili, na wote unawahitaji. Mwajiri hubeba kosa la dereva wake lililofanyika kazini, na mwenye uwezo wa kulipa kwa kawaida ni mmiliki.

Hakiki bima yake palepale kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima Tanzania) kwa namba ya gari au ya stika. Stika iliyobandikwa kiooni si uthibitisho. Hifadhi picha ya majibu unayoyapata.

Mashahidi bora ni wasiokujua: mama ntilie wa kituoni, bodaboda wa kijiwe cha hapo, utingo wa lori lililokuwa nyuma yako. Omba jina na simu, na uliza jambo moja tu: "Uliona gari gani likiingia?" Rekodi jibu kwa ridhaa yake. Abiria wako nao ni mashahidi, ila mahakama huwatazama kama watu wa upande wako.

## Hatua ya 4: Trafiki anapopima, uwepo

Taarifa hutolewa kituo cha eneo la ajali. Ya Pongwe au Kange ni ya polisi wa Jiji la Tanga, ya Muheza ni ya Muheza, na ya Segera ni ya Wilaya ya Handeni. Kuripoti kusikohusika hukupotezea siku nzima.

Mchoro wa ajali ndio moyo wa faili lako. Bima watausoma, na hakimu naye atausoma. Wakati trafiki anavuta tepu, simama karibu, na kwa heshima muonyeshe vitu vitatu: mahali vioo vilipoanguka, mwanzo wa alama za breki zako, na tairi la nyuma la gari lililoingia. Muulize: "Afande, sehemu tuliyogongana umeiweka wapi kwenye mchoro?" Ukiona nukta imewekwa ukingoni wakati vioo viko katikati ya njia yako, mwambie hapohapo. Kurekebisha mchoro barabarani ni kazi ya dakika moja. Kuupinga miezi sita baadaye ni kazi ya wakili.

Maelezo yako yawe mafupi na yafuate mtiririko. Kwa mfano: "Nilikuwa natoka Muheza kuja Tanga mjini, upande wangu wa kushoto, mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Hiace ilikuwa imesimama kituoni. Ilipobaki kama mita kumi niifikie, iliingia barabarani bila indiketa. Nilifunga breki, sikuwa na pa kukwepea kwa sababu lori lilikuwa linakuja upande wa pili." Taja mwendo halisi. Kwenye makazi ukomo ni kilomita 50 kwa saa, na ukisema uongo alama za breki zitakuumbua.

Tahadhari: Usisaini maelezo ambayo hujayasoma. Kama yameandikwa "nilimgonga kwa nyuma" peke yake, omba iongezwe kwamba alikuwa anaingia njia yako.

Omba namba ya jalada kabla hujaondoka. Magari yakipelekwa kituoni, mkaguzi atayakagua na kujaza PF93. Usitengeneze hata taa kabla ya ukaguzi huo.

Umefanikiwa kama: una namba ya jalada, unamjua mpelelezi wa faili, na mchoro umeweka mgongano ndani ya njia yako.

## Hatua ya 5: Hospitali, hata kama unajisikia mzima

Shingo na mgongo huanza kuuma siku ya pili au ya tatu. Nenda na PF3 hospitali ya rufaa ya Bombo, au iliyo karibu, siku ileile. Daktari akijaza wiki mbili baadaye, upande wa pili utasema uliumia kwingine. Mweleze kila panapouma, hata pale unapopaona ni padogo, kisha tunza nakala kabla PF3 haijarudishwa polisi.

## Hatua ya 6: Ijulishe bima yako mapema

Fanya hivi hata kama huna kosa. Mikataba huweka muda mfupi wa kutoa taarifa, na kuchelewa ni sababu rahisi ya kukunyima.

Ukiwa na bima kubwa, kampuni yako inaweza kulitengeneza gari lako, ukatoa kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe, halafu wao wakamdai aliyekuchomekea. Usimwandikie mwenzako karatasi ya msamaha. Ukimsamehe wewe, umeifungia njia kampuni yako, na inaweza kukataa kukulipa.

Ukiwa na bima ndogo, hiyo inawalinda wengine dhidi yako. Gari lako hailigusi. Hasara yako itatoka kwa mwenzako au kwa bima yake.

## Hatua ya 7: Chagua njia ya kudai

Njia ziko nne, na unaweza kutumia zaidi ya moja.

Kumalizana. "Kaka, tusifike mbali, nitakutengenezea." Kwa mikwaruzo midogo isiyo na majeruhi, si ubaya. Ubaya ni kumalizana kwa mdomo. Andikeni majina, namba za magari, kwamba yeye aliingia njia yako, kiasi cha fedha, tarehe za kulipa na saini za mashahidi wawili, ikiwezekana mbele ya wakili. Maandishi hayo yana faida ambayo wengi hawaijui. Madai ya uzembe kwa kawaida hayafunguliwi Mahakama ya Mwanzo, lakini deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kufunguliwa huko. Akikimbia, unadai deni lililoandikwa, huhitaji tena kuthibitisha ajali. Usikubali kumalizana kabla hujajua kiwango cha majeraha, na kabla hujaiambia bima yako.

Bima ya mwenzako. Peleka barua ya madai ukiambatisha karatasi za polisi, mchoro, picha, ripoti ya daktari na makadirio. Kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha bima kwa ajili ya vifo na majeraha ya wengine. Hasara ya mali nayo hubebwa na mikataba mingi, ila yenye ukomo, kwa hiyo uliza ukomo huo mapema.

Watakapokuletea hati ya kupokea malipo ya mwisho, isome taratibu. Ukisaini, umefunga madai yako yote, pamoja na maumivu ambayo bado hayajajitokeza. Kiasi kisipokuridhisha, kikatae kwa maandishi na ueleze sababu. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, baada ya kuonyesha kwamba ulianza na kampuni yenyewe.

Kesi ya jinai ya barabarani. Hii huendeshwa na Jamhuri, na wewe ni shahidi. Dereva anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, na makosa huwa mazito zaidi mtu akiumia au kufa. Usiipuuze kwa kudhani haikuhusu. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya mwisho ya jinai inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba mtu alitenda kosa hilo au hakulitenda, muda wa rufaa ukishapita. Akitiwa hatiani, umepata silaha. Akiachiwa kwa sababu mashahidi hawakutokea, hukumu hiyo itakurudi kwenye madai yako. Ukiitwa, fika. Wakumbushe na mashahidi wako.

Akilipa faini ya notisi palepale barabarani, hiyo si hukumu ya mahakama. Hata hivyo tunza nakala.

Kesi ya madai. Madai ya uzembe hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ilipotokea ajali au anapoishi mshtakiwa. Unamshtaki dereva na mmiliki pamoja. Kampuni ya bima hulazimika kulipa baada ya hukumu dhidi ya mteja wake, kwa hiyo ipelekee notisi ya maandishi kabla ya kufungua kesi. Wengi hushinda kesi, kisha wakaambiwa na bima kwamba hawakuwahi kujulishwa.

Muda wa kufungua ni miaka 3 tangu kosa lilipotokea. Mazungumzo na bima peke yake hayasimamishi saa hiyo. Ukiona mwaka wa pili unaisha na bado unaambiwa "njoo wiki ijayo", mtafute wakili. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Maofisa ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii wa halmashauri hukuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu.

Shauri likishafunguliwa hupitia usuluhishi kwanza. Nenda umejiandaa, kwa maana faili lenye picha na mchoro mzuri mara nyingi huishia hapo.

## Hatua ya 8: Hesabu hasara inavyotakiwa

Mahakama hutofautisha hasara mahsusi na fidia ya jumla. Hasara mahsusi ni ile yenye bei: spea, ufundi, kuvuta gari, dawa, nauli, mapato ya siku ambazo gari halikufanya kazi. Kila kipengele kitajwe kwenye madai na kithibitishwe kwa karatasi. Ukikitaja bila risiti, utakosa hata kama kila mtu anajua ulitumia. Maumivu na usumbufu ni fidia ya jumla, ambayo hakimu hukadiria mwenyewe.

Mwenye bajaji au daladala alete hesabu za miezi ya nyuma, hata za daftari. "Naingiza elfu hamsini kwa siku" bila maandishi haitoshi.

Ukionekana nawe ulikuwa na sehemu ya kosa, mwendo mkali kwa mfano, mahakama hugawa lawama na kupunguza fidia. Kupungua si kukosa. Usiogope kudai kwa sababu hukuwa malaika.

## Magari yenye utaratibu wake

Gari la serikali (namba zinazoanza na STK, SM au SU): kabla ya kushtaki unatakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Tanga ipo. Hapa tafuta wakili mapema.

Gari la Kenya lililoingia kwa Horohoro: dai kuona Kadi ya Njano ya COMESA (bima ya magari yanayovuka mipaka) na piga picha pande zote mbili. Kwa Tanzania inashughulikiwa kupitia Shirika la Bima la Taifa, NIC, kwa hiyo huna haja ya kwenda Mombasa. Picha hiyo ipige kabla gari halijavuka kurudi.

Ulikuwa kazini: mjulishe mwajiri siku ileile ili atoe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Fidia ya WCF haitegemei nani alikuwa na kosa.

Ndugu amefariki: wategemezi wana haki ya kudai fidia. Anzeni na mirathi, maana karatasi za usimamizi wa mirathi zitaulizwa karibu kila mahali.

Gari halina bima: dereva na mmiliki bado wanawajibika kwa mali zao. Kuendesha bila bima ni kosa la jinai, hakikisha limeandikwa kwenye jalada. Jina la mmiliki lisipojulikana, namba ya gari inaweza kufuatiliwa kwenye usajili wa TRA kupitia polisi au wakili.

Faili likikaa kimya polisi, nenda kwa mpelelezi na namba yako ya jalada, uliza PF90 imefikia wapi, na andika tarehe ya kila jibu unalopewa. Likiendelea kukaa, muone mkuu wa kikosi cha usalama barabarani wa mkoa ukiwa na orodha hiyo ya tarehe.